Jukwaani Hakuna Mpira

Uwanja wa chuo ulikuwa na upande wa kivuli na upande wa jua, na kila mwenye akili zake alikaa kivulini. Magharibi kulikuwa na ngazi za saruji zenye paa la mabati, na hapo ndipo tulipojibana mashabiki wachache tusio na kazi bora ya kufanya alasiri. Ng'ambo, upande wa mashariki, palikuwa na ukuta mfupi na changarawe, na jua la Maskati liliupiga ukuta ule mpaka linapozama. Juu ya ukuta huo, peke yake, alikaa Bwana Forodha.

Tulimwita hivyo kwa sababu alifanya kazi ya forodha katika Bandari ya Sultan Qaboos mpaka akastaafu. Jina lake nilikuja kulijua, lakini uwanjani hakuna aliyelitumia, na mimi sitalitumia hapa. Alikuwa mrefu, mkavu, na kanzu yake siku zote ilikuwa imepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Alikalia mto uliotolewa kwenye kiti cha gari bovu, na chupa ya kahawa aliiweka miguuni. Paji la uso lilikuwa limeungua kwa jua mpaka likatoka mabaka, na mara mbili daktari alimkata vinyama pale. Alirudi uwanjani na plasta, akakaa palepale.

Mimi nilizaliwa Tabora, nikaja Oman nikiwa kijana, nikapata kazi ya ofisi Khuwair ya Kusini. Uwanja ulikuwa njiani kurudi nyumbani. Alasiri moja katika miaka ya tisini nilizunguka nyuma ya goli na mfuko wangu mkononi, nikataka kujua mzee yule ana kichaa gani cha kukaa juani. Sijamsalimu bado, akanitupia swali.

"Umechukua nini?"

"Sijachukua kitu, mzee."

"We' una mfuko mkononi, unanambia hukuchukua kitu?"

"Huu ni wangu. Nimenunua kwa pesa yangu."

Akanitazama, kisha akacheka kicheko kikavu. "Nyinyi wa bara mna taabu. Kwenu mtu akichukua kaiba. Mie nakuuliza umebeba nini."

"Sambusa."

"Basi ndo useme. Kaa."

Nikakaa, na kwa miaka mingi sikuinuka, ingawa jua lile sikulizoea hata siku moja. Swali hilo alimuuliza kila mtu aliyemkaribia, awe na mzigo au hana. Alikuwa amelisema bandarini maisha yake yote na ulimi haukustaafu pamoja naye. Mtu akija na uso uliokunjamana, angemuuliza vilevile: umechukua nini? Na hakuondoka mtu pale mpaka amesema.

Mechi zenyewe zilikuwa za Jumanne. Mechi kubwa za chuo zilichezwa mwisho wa wiki, Jumatano jioni au Alhamisi, maana siku hizo mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Huko kulikuwa na ngoma, na wajomba, na vikombe, na watu waliokuja kupiga picha. Za Jumanne zilikuwa za kirafiki, na timu za wizara, za makampuni, za vyuo vingine. Hazikuwa na pointi wala kombe. Kocha alizitumia kuwatoa vumbi wachezaji wa akiba, wale ambao mwisho wa wiki hukaa benchi na jezi safi.

Watu walizidharau, mimi nikazipenda. Mechi ya mwisho wa wiki ni ya timu, lakini ya Jumanne ni ya mtu mmoja mmoja. Kila anayeingia anajua kwamba huenda ndiyo nafasi yake ya mwisho, na kwamba hakuna atakayeikumbuka. Wengine walicheza kwa pupa mpaka wakaumia. Wengine waliogopa mpira. Ukikaa miaka mingi kutazama akiba, unaona kwamba wengi wao hawaji kuwa kitu, si katika mpira tu. Nilikutana nao baadaye madukani na maofisini, vitambi vimewatoka, na hawakupenda kukumbushwa.

Bwana Forodha hakujali matokeo. Bao likifungwa, lao au letu, alikunywa kahawa. Alichotazama ni benchi. Benchi la akiba lilikuwa mbele ya jukwaa la kivulini, likiwa limeligeuzia jukwaa mgongo, kwa hiyo wachezaji waliokaa pale uso wao ulielekea kwetu, juani. Kijana akiitwa, akivua fulana ya mazoezi, Bwana Forodha alisimama. Alibaki wima mpaka kijana aguse mpira wa kwanza, kisha akakaa. Wale wa kivulini walimcheka. Walisema anaisimamia bendera.

Usidhani alikuwa mpole kwao. Wachezaji wapya wana tabia moja: akiingia tu, kabla hajajua yuko wapi, anageuza shingo kutazama jukwaani kama aliyemwalika amekuja. Jambo hilo lilimtia wazimu Bwana Forodha. Angepaza sauti kutoka ukutani, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, "Jukwaani hakuna mpira!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita makuli melini, na ilivuka uwanja mzima. Kijana alishtuka, akainamisha kichwa. Msimu mmoja beki wa akiba alitazama jukwaani, mpira ukamkuta hana habari, ukamgonga na kuingia golini kwake mwenyewe. Mechi ilipokwisha alipita mbele yetu akilia waziwazi. Nilitaraji mzee atamwambia neno la kumpoza.

"Macho yako yalikuwa wapi?" akamuuliza.

"Baba yangu alikuwa amekuja," kijana akasema.

"Na mpira ulikuwa wapi?"

Kijana akaenda zake. Nilimchukia mzee siku ile, na nikamwambia. Akamimina kahawa, akanipa kikombe, akasema nami ningekuwa nimekula chumvi ya kutosha ningenyamaza.

Sababu ya yeye kuwa pale ilijulikana na kila mtu uwanjani, kwa hiyo sitaificha. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa mwanafunzi wa chuo kile, akilala bwenini, na alikuwa akiba. Jumanne moja, baada ya mechi pale pale uwanjani, aliondoka na wenzake wawili kwa gari kwenda Qurayyat kula samaki. Siku hizo barabara ya Qurayyat ilipita milimani kwa kona kali. Gari lilitoka njiani. Aliyekuwa akiendesha alikufa, na mtoto wa Bwana Forodha alikufa. Wa tatu alinusurika na mguu uliovunjika.

Hilo kila mtu alilijua. Ambalo halikujulikana, na ndilo lililomtafuna mzee, ni kilichotokea uwanjani kabla ya hapo. Yeye hakuwapo. Siku zote za msiba watu walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alimletea maneno matamu. Mmoja alisema kijana alicheza mechi nzima. Mwingine alisema alifunga bao. Aliyekuja kesho yake alisema mawili, na wa mwisho matatu. Kocha, aliyekuwa mgeni, mkataba wake ulikwisha akarudi kwao. Yule aliyenusurika mzee hakutaka kumuuliza. Alisema mtoto wa watu aliyetoka kaburini hasumbuliwi kwa habari za mpira.

"Mwanangu kafa ana mabao matatu," alinambia, "na wallahi sijui kama waliwahi kumtia uwanjani."

Tangu hapo akawa adui wa chumvi kwenye habari. Mshabiki akipiga chumvi mbele yake alikuwa amejitafutia balaa. Kulikuwa na muuza simu mmoja wa Khuwair, mtu mcheshi, aliyeapa kwamba alimwona kiungo wetu akifunga kutoka katikati ya uwanja. Bwana Forodha alimshika mkono, akampeleka uwanjani watu wanatazama, akamwambia, "Simama hapo alipokuwa." Muuza simu akasimama katikati. "Wallahi?" Akasogea mbele. "Wallahi?" Akasogea tena, mpaka akafika karibu na kisanduku cha penalti, jasho linamtoka. "Ahsante," mzee akasema. "Sasa umesema." Muuza simu alikaa muda mrefu bila kuja uwanjani.

Nilidhani ni ukorofi wa uzee tu. Sasa naona alikuwa akilisafisha jukwaa, ili akija siku moja mtu aliyeona, asikute mazoea ya uongo.

Yeye mwenyewe alikuwa muongo mkubwa nyumbani kwake. Jumanne zote alimuaga mkewe kwamba anakwenda hospitali kupima presha. Niliugundua uongo huo alipougua homa ya mapafu nami nikaenda kumtazama. Mkewe, Bi Mkubwa, alinikaribisha ukumbini, akaniletea halua na kahawa, akaniuliza nimejuana wapi na mumewe. Nikasema hospitali. Alinitazama kwa huruma.

"Na wewe una presha?"

"Kidogo, Bibi."

"Hospitali gani hiyo, mwanangu, inayomtia mtu vumbi la kiwanja kwenye viatu?" Akanisogezea sahani. "Kula. Mie sitaki kusikia mpira ndani ya nyumba hii. Lakini kanzu namtilia pasi kila Jumanne, asende akadharauliwa."

Basi ndivyo walivyoishi, kila mmoja akijua na kila mmoja akinyamaza, na pasi ikipita katikati. Sijui kama huo ni upendo au ni uchovu. Nilitoka pale moyo wangu mzito.

Jambo lingine lililonikanganya ni lugha. Kwa vijana wa chuo, ambao wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuokota jikoni kwa bibi zao, mzee aling'ang'ania Kiswahili. Mtu akimsalimu kwa Kiarabu alijibu "Masalkheri" ya Kiunguja na kungoja. Mtu akisema "shule" alimsahihisha, "skuli." Mimi na Kitabora changu aliniadhibu kila siku. Nikamdhania ni mmoja wa wale wazee wanaoililia Unguja. Kumbe sivyo. Nyumbani kwake, watoto wakiwa wadogo, yeye ndiye aliyekipiga marufuku Kiswahili. Miaka ile wengi waliorudi kutoka Afrika, naye mmojawao, waliogopa kuitwa Wazanzibari mbele ya watu, wakataka watoto wao wawe Waarabu wasio na alama ya walikotoka. Mama akisema na watoto Kiswahili jikoni, baba akiingia wanageuza ulimi.

Haya aliniambia siku niliyofanya kosa. Tulikuta geti la uwanja limefungwa, na karatasi ya Kiarabu imebandikwa kwamba mechi imeahirishwa mpaka wiki ijayo, na siku imetajwa, thalatha. Nikaisoma haraka, nikamgeukia mzee, niliyezoea kumwita Ami, yaani baba mdogo.

"Wiki ijayo, Ami. Jumatatu."

"Jumatatu au thalatha?"

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu ambazo sikuzitegemea. "Hesabu," akasema. "Hesabu siku, mbele yangu."

Nikahesabu, nikaona nilivyoteleza. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ndiyo siku yao ya kwanza, na thalatha, ya tatu, ni Jumanne. Sisi huanza Jumamosi, na ya tatu yetu ni Jumatatu. Tatu ni tatu, lakini siku si moja. Mtu anayefikiri kwa Kiarabu na kusema kwa Kiswahili anaweza kuteleza hapo bila kujua, na wengi waliteleza. Tulikuwa tukichekeana kwa hilo katika maharusi na miadi ya daktari.

Bwana Forodha hakucheka. Tulikaa kwenye gari lake, geti limefungwa mbele yetu, akaniambia. Mwanawe alimpigia simu kumwambia kwamba kocha amemwahidi kumwingiza. Ili kumfurahisha baba, ambaye kwa uzee alikuwa ameanza kulainika na kusema Kiswahili nyumbani, akajitutumua kuisema habari kwa Kiswahili. "Njoo Jumatatu, baba." Alikuwa na thalatha kichwani, akatafsiri tatu kwa tatu. Baba, ambaye hajawahi kwenda mechini, alikwenda Jumatatu na kanzu yake mpya. Akakuta uwanja mtupu na mlinzi aliyemcheka.

"Nkaona mtoto kanfanya mjinga," mzee akasema. "Nkarudi nyumbani nimevimba. Kesho yake mchana akapiga simu, mama yake akapokea. Bila shaka alitaka kuhakikisha nnakwenda. Mie nimekaa pale pale, nausikia mlio wa sauti yake kwenye simu. Nkamwonyesha mama yake kwa mkono: mwambie kalala."

Watu wawili walikuja wakasoma karatasi ya geti, wakaondoka.

"Matangani mtu akasema, mechi ya thalatha. Hapo ndo nkaelewa. Mtoto hakunfanya mjinga. Kafa anajua babake kalala."

Kuanzia siku ile nilielewa kwa nini anakaa juani. Kijana wa benchi uso wake huelekea pale. Mzee alikaa mahali ambapo mwanawe, akiwa amekaa benchi mechi karibu nzima akingoja kuitwa, angeliweza kumwona bila kugeuza shingo. Kila Jumanne alikuwa akifika kwenye mechi ileile aliyoikosa, akihakikisha anaonekana.

Miaka ikapita, tukaingia miaka ya elfu mbili. Changarawe ikaondolewa, nyasi zikapandwa. Wachezaji wakaanza kuvaa viatu vya rangi. Bwana Forodha akazeeka ghafla, macho yakaingia ukungu, akawa ananiuliza mimi, nani anavua fulana. Nilimwambia, naye akasimama, sasa kwa kunishika bega. Sauti tu haikuzeeka. "Jukwaani hakuna mpira!" ilivuka uwanja kama zamani, na vijana wapya wasiomjua waliuliza ni nani yule mzee mkali.

Kisha mfanyakazi mwenzangu alifiwa na baba yake Qurayyat, nikaenda kuzika. Baraza lilikuwa karibu na mitende, wanaume wamekaa kwenye mikeka, na aliyekaa karibu nami alikuwa mtu wa makamo kidogo, mnene, aliyenyoosha mguu mmoja mbele kwa sababu haukukunjika. Ana duka la vipuri vya mashine za boti. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi, akasema alisoma Maskati, akataja chuo. Nikasema mimi ni mshabiki wa timu ile, nakwenda Jumanne. Uso wake ukabadilika.

"Yule mzee anakuja bado?" akauliza. "Wameniambia anakaa juani."

Nikamjua hapo: ndiye wa tatu, wa mguu uliovunjika. Sikumuuliza chochote. Alikuwa amekaa nalo muda mrefu mno, likatoka lenyewe, kwa sauti ya chini, huku watu wakisoma Kurani upande wa pili.

Alisema mtoto wa Bwana Forodha aliingizwa mwishoni kabisa. Alipoingia tu, akageuka kutazama jukwaani, upande wa kivuli. Jua lilikuwa likimpiga machoni, akaweka kiganja kwenye paji la uso ili aone waliokaa gizani chini ya paa. Mpira ukaja kwake. Ukapita pembeni ya mguu wake naye bado anatafuta. Wapinzani wakauchukua wakafunga, mechi ikaisha hivyo. "Tulimkaripia," mtu yule akasema. "Mie nlimtukana. Hakugusa mpira hata mara moja."

Ndani ya gari kijana hakusema neno mpaka walipofika milimani. Kisha akasema, "Baba hakuja, na nilimwambia Jumatatu." Aliyekuwa akiendesha akaangua kicheko. "Leo Jumanne, bwana. We' Mswahili gani?" Kijana akahesabu kwa vidole, akajipiga kichwa, naye akacheka. Akasema, "Kumbe kosa langu. Maskini, mzee atakuwa alikuja jana." Walicheka wote watatu. Hawakuwa wamemaliza kucheka vizuri kona ilipowafikia.

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Nlikwenda msibani na magongo yangu. Nkakuta watu washamvisha mabao. Nkaona haya kumvua mbele ya babake." Alifuta uso kwa leso. "Na ningeanzia wapi? Kwamba tulimtukana, kisha tukacheka, kisha tukaanguka?"

Nilirudi Maskati kwa barabara ile ile, nikiendesha polepole mpaka walio nyuma yangu wakapiga honi. Niliwaza mambo mengi ya kijinga. Niliwaza kumwambia mzee nusu: kwamba aliingia, kwamba alilijua kosa lake, basi. Mpira uliompita ningeuacha Qurayyat. Lakini nilimkumbuka muuza simu katikati ya uwanja na jasho lake, nikajua kwamba nusu haitapita forodhani.

Jumanne iliyofuata nilimkuta ukutani, kanzu imenyooka. Timu zilikuwa zikipasha mwili. Nilikaa, nikasalimu. Hakunitazama, maana macho hayakumsaidia tena, lakini alisikiliza jinsi nilivyokaa.

"Umechukua nini leo?"

Nikasema. Nilianza na kuingia kwake na nikamaliza na kona. Sikuongeza, sikupunguza. Nilisema kiganja, nilisema mpira uliompita, nilisema matusi na kicheko. Hakunikatiza hata mara moja. Refa alipuliza kipenga, mechi ikaanza, na wala hatukujua nani anacheza na nani.

"Aliingia," akasema mwishowe.

"Aliingia, Ami."

"Hakugusa."

"Hakugusa."

Alipapasa mpaka akaipata chupa ya kahawa, akaifunga kifuniko.

"Akatizama upande gani?"

Nilitamani asiniulize hilo. "Kivulini. Jukwaani kule."

"Mie nnakaa huku."

"Ndiyo, Ami."

"Kasema kosa lake?"

"Alisema, kumbe kosa langu. Alijua ulikuja."

Akatikisa kichwa pole pole. Nilidhani amepata nafuu. Nilidhani kwa hilo angalau moyo wake utatulia. "Si lake," akasema. "Mtoto hakosi hesabu aliyofundishwa. Mie ndo nilomkataza Kiswahili."

Akanyanyuka. Nikataka kumshika mkono, akanizuia. Aliuacha mto, akaiacha chupa, akaanza kutembea akifuata mstari wa nje, polepole, mkono mmoja mbele yake. Alizunguka nyuma ya goli. Mlinda mlango wetu akageuka kumtazama, na mshika kibendera akasogea kumpisha. Wale wa kivulini walipomwona anakuja walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na wa ngazi ya chini akampa nafasi. Akakaa kule alikotazama mwanawe, nyuma ya benchi, nyuma ya migongo ya akiba, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kumwona.

Mimi nilibaki juani na vitu vyake. Sikujua nimfuate au nimwache.

Kipindi cha pili kocha alimwita kijana mmoja mwembamba, mgeni, jezi imemzidi. Akavua fulana, akaingia. Kutoka nilipokaa niliona Bwana Forodha amesikia, kwa sababu alisimama. Kijana alikimbia mpaka nafasi yake, na kama wote, akageuza shingo kutazama jukwaani, mkono umekinga jua. Nikangoja ile sauti, na nadhani uwanja mzima uliingoja.

Haikuja. Mzee alikuwa ameinua mkono juu, umenyooka kama wa mtoto anayeitikia jina lake darasani, na aliuacha hapo. Mpira ulipita karibu na kijana, ukaenda. Mkono haukushuka.